Kushea folda za Google Drive: maswali ninayopigiwa simu mpaka usiku

Mi ni katibu wa kikoba, tupo watu thelathini na kitu, na kompyuta sijaisomea popote. Ila kwa kuwa ndo niliyewatoa wenzangu kwenye kaunta buku nikawapeleka Google Drive, ile stoo ya mafaili ya Google ya mtandaoni, kitu kikigoma napigiwa mimi, na siku hizi hata kamati za harusi za majirani na walimu wa shule anayosoma mwanangu nao wananipigia. Nimechoka kujibu kitu kilekile kwa sauti za WhatsApp, kwa hiyo nimeyaandika hapa yote.

Nimemtumia linki ya folda, anasema inamwambia aombe ruhusa. Mbona mi nafungua vizuri?

We unafungua kwa sababu folda ni yako. Ye inamkataa kwa sababu moja kati ya hizi: hujamwongeza kabisa, umetuma linki tu huku folda imefungwa. Au umemwongeza ila imeili umeikosea herufi, hapa nukta na namba za mwisho ndo zinatuua. Au, na hii ndo inayotokea mara nyingi kuliko zote, simu yake ina akaunti mbili za Google na ameingia na ile nyingine.

Watu wengi hawajui imeili zao, tusidanganyane. Alinunua simu, kijana wa dukani akamfungulia Gmail hapohapo ili Play Store ifanye kazi, akaweka jina analolijua mwenyewe na namba za ajabu mwisho, basi. Mwambie mwenzio afungue Play Store, abonyeze kale kaduara ka picha kulia juu, hapo anaona imeili iliyomo kwenye simu. Akupigie skrinshoti akutumie, asikusomee kwa mdomo maana "bi" na "vi" zitawagombanisha.

Akibonyeza kuomba ruhusa, we mwenye folda unapata imeili. Usikubali tu kwa kuona jina unalolijua, soma na anuani yenyewe, jina mtu anaweza kuandika lolote.

"Restricted" na "Anyone with the link" zina tofauti gani, na niweke ipi?

Ya kwanza inafungua kwa watu uliowaandika imeili zao tu. Ya pili inafungua kwa binadamu yeyote mwenye hiyo linki, hata asiye na akaunti ya Google, hata usiyemjua, na ukiiweka kwenye folda basi kila kilichomo ndani nacho kimefunguka hivohivo.

Watu wanaweka ya pili kwa uvivu. Hata mi niliiweka kwa uvivu. Kulikuwa na harusi ya ndugu yangu, bajeti tukaitengeneza kwenye Sheets, yale majedwali ya mahesabu ya Google, nikaona kuandika imeili za wanakamati wote kazi, nikaweka yeyote mwenye linki, tena nikampa uwezo wa kuediti, nikairusha kwenye grupu la kamati. Kumbe shangazi mmoja kaisogeza kwenye grupu la ukoo ili watu waone michango inavyokwenda, nia nzuri kabisa. Wiki mbili mbele tupo kwenye kikao, mwenyekiti anasoma jumla, imeshuka karibu milioni moja na laki nne, watu wakapiga makofi kwamba kamati inabana matumizi. Hamna aliyebana kitu. Mstari wa vinywaji wote ulikuwa umefutika, bila shaka ni mtoto wa mtu alikuwa anachezea simu. Nilipoangalia historia ya mabadiliko ya faili, aliyefuta hana jina, kwa sababu aliingia kwa linki bila akaunti. Utamuuliza nani?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na siubadilishi: linki ya wazi ni kwa vitu ambavyo ungeweza kuvibandika ukutani pale sokoni. Ratiba ya harusi, kadi, ramani ya ukumbini, nyimbo za kwaya. Chenye jina la mtu na pesa pembeni yake, andika imeili moja moja. Kuwaandika watu thelathini hakumalizi hata nusu saa.

Viewer, Commenter, Editor. Nani nimpe nini?

Wa kwanza anaangalia tu. Wa pili anaangalia na anaweza kuacha maoni pembeni bila kugusa maandishi. Wa tatu anaandika, anafuta, na ukiwa umemfanya Editor wa folda nzima anaweza kuongeza mafaili, kubadili majina, kuyatoa kwenye folda, na kitu ambacho watu wengi hawakijui, anaweza kumwalika mtu mwingine bila kukuuliza. Yaani umempa kaka yako, kaka kampa shemeji, shemeji kampa rafiki yake, na wewe umelala.

Hiyo ya kualika unaizima. Fungua sehemu ya kushea, kuna alama ya gia juu kulia, bonyeza, toa tiki kwenye mstari unaosema maeditor wanaweza kubadili ruhusa na kushea. Ila ukiizima kwenye folda inakaa kwenye folda yenyewe, yale mafaili nyeti ya ndani nayo uyaingie moja moja uzime. Inakera, najua.

Sisi kwenye kikoba Editor ni watatu: mwenyekiti, mweka hazina na mimi. Wengine wote wanaangalia tu. Mwanzoni kuna walioona wamedharauliwa, mama mmoja akasema "kwani mi mwizi?", nikamwambia mama, si wizi, ni kidole, simu ikiwa kwenye mkoba kidole hakina macho. Akacheka yakaisha.

Nataka waione folda yote isipokuwa folda moja ya ndani. Inawezekana?

Hapa ndo pa kuelewa vizuri maana wengi wanaaibika hapa. Ruhusa zinashuka kama maji, ukimpa mtu folda ya juu amepata na zote za chini yake, pamoja na utakazoziweka kesho na keshokutwa. Sa hivi Drive ina namna ya kuweka folda ya ndani iwe na ufikiaji wa wachache tu, wale utakaowataja. Ipo na inasaidia.

Lakini mi ushauri wangu usifiche kitu cha siri ndani ya nyumba ya wageni. Fungua folda mbili pembeni kwa pembeni. Sisi tuna moja inaitwa "KIKOBA - WOTE" ina katiba, mihtasari ya vikao na ratiba ya marejesho, halafu nyingine "KIKOBA - UONGOZI" ina fomu za mikopo, picha za vitambulisho na barua za wadhamini. Jina lenyewe linakwambia nani anaingia, huhitaji kukumbuka uliweka mpangilio gani mwaka juzi.

Na kabla hujaburuta faili kulipeleka kwenye folda nyingine jiulize folda hiyo inaonwa na nani, maana likishaingia tu linaanza kuonwa na watu wa pale. Drive huwa inakuonya, ila wote tunabonyeza sawa bila kusoma.

Mtu kadilit faili letu. Limepotea kabisa?

Tulia kwanza. Usianze kutengeneza jipya.

Faili lina mwenyewe, na mwenyewe ni aliyelitengeneza au kuliaplodi, sio mwenye folda. Hiki kitu kikieleweka nusu ya matatizo imeisha. Sasa:

Kama faili ni lako na umelifuta mwenyewe, lipo kwenye Trash, yaani pipa la taka la Drive, linakaa siku 30 halafu linajifuta lenyewe. Zamani lilikuwa linakaa mpaka ulitoe kwa mkono, wakabadilisha Oktoba 2020, na wapo ambao mpaka leo wanadhani Trash ni stoo.

Kama faili ni la mwenzio na kalifuta yeye, wewe huwezi kulirudisha, liko kwenye Trash yake. Mpigie simu ndani ya hizo siku 30.

Kama faili ni lako ila Editor mwingine kalitoa kwenye folda, halipo Trash na halipo kwenye folda, linaelea tu. Hapa watu wanalia kabisa. Nenda kwenye sehemu ya kutafuta ya Drive uandike is:unorganized owner:me hivohivo na nukta zake pacha, yatakuja mafaili yako yote yasiyo na makazi, liburute lirudi.

Na kama faili lipo ila namba zimebadilika, hapo ni historia ya matoleo. Tulishapata hii. Marejesho ya Februari ya mwanachama mmoja yalikuwa elfu themanini, kikao cha Aprili yanasomeka elfu nane, mwenye hela yake amesimama mlangoni amekunja mikono. Nikafungua laptopu, nikabonyeza kitufe cha kulia cha mausi kwenye kile kisanduku chenye namba, nikachagua kuonyesha historia ya mabadiliko, ikatoka: jina la mweka hazina, tarehe, saa nne kasoro usiku, kutoka 80,000 kwenda 8,000. Alikuwa anarekebisha mstari wa juu yake, sifuri ikamponyoka. Dakika mbili kesi imekwisha. Kwenye kaunta buku hiyo ilikuwa ni ugomvi wa mwaka mzima.

Naweza kuona nani kafungua folda na nani hajafungua?

Kwa akaunti ya kawaida ya bure, hapana. Utaona nani kaongeza, kahamisha, kaediti, kashea, hiyo iko kwenye sehemu ya Activity ukibonyeza kale ka "i". Nani kasoma tu akanyamaza, huoni. Akaunti za kazi za kulipia ndo zina sehemu ya kuonyesha waliotazama, na hata hapo mtu anaweza kujizima asionekane.

Ukiwa ndani ya faili ukaona juu kuna kaduara kenye picha ya mnyama, sijui popo sijui kiboko, ujue kuna mtu kaingia kwa linki ya wazi na jina lake halionekani. Ukiona wanyama wanne kwenye faili la mikopo, funga linki kwanza, maswali baadaye.

Nikizuia kudanlodi na kuprinti, nimeshajilinda?

Umewapunguzia kasi wanaoangalia tu na wanaokomenti, ndo hao kizuizi kinawashika. Skrinshoti bado ipo. Simu ya pili ya kupigia picha skrini bado ipo.

Nafasi inaliwa kwa nani? Folda ni yangu ila wenzangu wanajaza video.

Inaliwa kwa aliyeaplodi. Bure unapata GB 15 na hizo ni za pamoja, Gmail, Drive na Google Photos vinagawana chungu kimoja. Kwa hiyo mpiga video akikuwekea GB 20 kwenye folda yako kutoka kwenye akaunti yake, ni zake, wewe hazikuhusu, ila na uamuzi wa kuzifuta ni wake. Mwezi ujao anataka nafasi ya kazi ya mteja mwingine, anafuta, harusi yako imekwenda. Danlodi mapema, usiku wakati bando ni rahisi.

Dropbox, stoo nyingine ya mtandaoni kama Drive, ni kinyume, kule folda ya pamoja inakula nafasi ya kila mwanachama, na bure wanakupa GB 2 tu, ndo maana sikuipeleka kwa kikoba. OneDrive, ile ya Microsoft, bure ni GB 5.

Katibu wetu kaondoka na folda iko kwenye akaunti yake. Tunafanyaje?

Kama mnaongea naye bado, fanyeni leo. Akae kwenye laptopu, afungue kushea, kwenye jina la katibu mpya (awe ameshaongezwa kuwa Editor) achague kumhamishia umiliki. Kwa akaunti za kawaida, katibu mpya lazima akubali ndo inahama, kwa hiyo akae karibu na simu yake. Halafu kuna mtego: kuhamisha umiliki wa folda hakuhamishi mafaili ya ndani. Folda inakuwa ya mpya, mafaili yanabaki ya wa zamani, siku akifunga akaunti yanaondoka nayo. Yahamishe na yenyewe, unaweza kuchagua mengi kwa pamoja, au mpya ayakopi yote ili kopi ziwe zake.

Kama alitumia akaunti ya shule au ya ofisi, kuhamishia nje ya hiyo taasisi hakukubali. Mwalimu mmoja alikuja kwangu na mitihani ya miaka sita, kahama shule, wiki ya pili akaunti imefungwa na kila alichowashea wenzake kimekata. Mitihani aliipata vipande vipande kwa wanafunzi wa zamani waliokuwa wamedanlodi. Vitu vyako binafsi usiviweke kwenye akaunti ya mwajiri, na vya mwajiri usiviweke kwako.

Kama hamuongei naye, mkopi kila kitu mnachoweza kukiona, usiku huohuo, kabla hamjaanza kumtumia meseji za ukali.

Dawa ya kudumu ni kikundi kuwa na akaunti yake ya Gmail, ndo iwe mwenye folda zote, na namba ya kurejeshea isiwe ya mtu anayebadili laini kila mwezi. Paswedi wajue wawili, sio wanane. Na muingie humo mara kwa mara, maana akaunti ya kawaida isiyoguswa miaka 2 Google wanaweza kuifuta pamoja na vilivyomo, walianza hiyo mwishoni mwa 2023. Kuna pia mpangilio unaoitwa Inactive Account Manager, unaweka majina ya watu wa kupewa vitu vyako kama umekaa kimya miezi kadhaa, unachagua mwenyewe kuanzia 3 mpaka 18. Watu wanaogopa kuujaza kwa sababu unafanana na wosia. Sisi tulizika mwenyekiti 2021 na picha za mkutano wa kwanza zimebaki kwenye simu yake mpaka leo, mi niliujaza.

Mkaguzi anataka kuona mahesabu kwa wiki mbili tu. Kuna ruhusa ya muda?

Kwenye akaunti za kazi za kulipia ipo, unaweka tarehe inajifunga yenyewe. Kwenye ya bure weka alamu kwenye simu umtoe mwenyewe. Mpe kuangalia, asipewe kuediti hata akikwambia ni kawaida.

Nimemtoa mtu kwenye orodha lakini bado anaona. Kuna uchawi?

Hamna uchawi, linki iko wazi. Ukimtoa jina lake huku chini pameandikwa yeyote mwenye linki, umemfukuza mlangoni na dirisha liko wazi. Rudisha kwenye kufungwa. Kama bado anaona, angalia folda ya juu yake, huenda kaongezwa kule na ruhusa inamteremkia. Alichokwisha kukopi ni chake, hukirudishi.

Kuna mwanachama anatumia Yahoo. Lazima afungue Gmail?

Si lazima, anaweza kufungua akaunti ya Google kwa kutumia hiyohiyo imeili yake ya Yahoo. Halafu unamwongeza nayo.

Picha za vitambulisho vya wanachama kwenye folda, sheria inasemaje?

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na tume yake ipo. Kenya wana yao ya 2019. Mi si mwanasheria, ila namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) ya mtu ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni tarehe yake ya kuzaliwa, kwa hiyo ukiiachia kwenye linki ya wazi umegawa zaidi ya namba. Tunazokusanya tunaziweka kwa UONGOZI, na mkopo ukiisha na mtu akajitoa tunafuta.

Naenda kuprinti steshenari, niingie kwenye Drive yangu pale?

Usiingie. Danlodi PDF kwenye simu yako, mtumie kijana kwa WhatsApp ya steshenari, aprinti, afute mbele yako. Kama ni lazima uingie, tumia dirisha la faragha la brauza (incognito) na usiondoke mpaka umelifunga. Ukishafika nyumbani na roho inakudunda, ingia kwenye akaunti yako ya Google, sehemu ya usalama, kuna orodha ya vifaa ulivyoingilia, ile kompyuta ya steshenari iguse uitoe, inatoka hata kama uko mkoa mwingine.

Najua kwa sababu yalinikuta. Niliprinti katiba, mvua ikawa inakuja, nikakimbia. Jioni nikapigiwa na namba nisiyoijua: "Samahani kaka, we ndo katibu wa kikoba? Kuna mteja kakaa hapa kwenye kompyuta anaona majina ya watu na madeni yao." Namba yangu aliitoa kwenye ukurasa wa kwanza wa katiba. Nikachukua boda nikiwa na kandambili. Nilipofika alikuwa ameshaitoa akaunti yangu mwenyewe, akanidai mia sita ya kurasa tatu nilizosahau kulipa.